Joel Selwood: damu ilitufichia akili yake

Majina 6 yalisomwa kabla ya lake. Bryce Gibbs akaenda Carlton, Scott Gumbleton Essendon, Lachlan Hansen North Melbourne, Matthew Leuenberger Brisbane, Travis Boak Port Adelaide, Mitch Thorp Hawthorn. Ndipo zamu ya 7 ikawafikia Geelong katika mgawo wa chipukizi wa futiboli ya Australia mwaka 2006, wakamtaja kijana wa miaka 18 kutoka Bendigo anayeitwa Joel Selwood.

Kwa asiyeuzoea mfumo huo: Australia hakuna kumwinda kinda, kumficha hotelini na kumsainisha usiku wa manane. Klabu za ligi ya AFL hupanga foleni mwisho wa msimu, zilizofanya vibaya zikitangulia, na kila moja hutaja jina zamu yake ikifika. Kijana hachagui. Aliyelala Bendigo anaweza kuamka ni wa Perth, kilomita elfu kadhaa kutoka kwa mama yake. Geelong ilikuwa imemaliza nafasi ya 10 kati ya timu 16, kwa hiyo ikakaa katikati ya foleni.

Kwa nini 6 walimpita? Kipaji chake kilikuwa kinajulikana. Lakini goti lilimweka nje sehemu kubwa ya mwaka 2006, mwaka uleule ambao maskauti walikuwa wanajaza madaftari yao, na mchezo huu hauna huruma na magoti. Siwalaumu sana. Boak alikuja kucheza mechi zaidi ya 350 na kuwa nahodha wa Port Adelaide, aliyemchagua hakukosea. Thorp aliishia mechi 2 tu. Mgawo ndivyo ulivyo.

Ila kuna kinaya kinachonifurahisha. Mchezaji ambaye baadaye angesifiwa kuliko karibu wote wa kizazi chake kwa mwili usiokubali kusimama, aliteremka kwenye orodha kwa sababu ya shaka juu ya mwili. Wapimaji walitazama goti wakasahau kichwa. Na sisi watazamaji, kwa miaka iliyofuata, tulifanya kosa lilelile kwa upande mwingine: tulitazama damu usoni pake, bandeji nyeupe kichwani, plasta juu ya nyusi, tukasema huyu ni jasiri, basi. Makala haya yanabishana na hilo. Selwood wa miaka ya mwanzo, tangu 2007 hadi alipokabidhiwa unahodha mwaka 2012, alikuwa mchezaji mwenye hesabu kali kichwani, na ujasiri ulikuwa mtaji aliouingiza kwenye hesabu hizo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana alikuwa kiungo, na neno hilo linaweza kumpoteza msomaji wa soka. Uwanja wa futiboli ya Australia una umbo la yai. Ule wa MCG jijini Melbourne una urefu wa mita 160 hivi. Kila upande una watu 18. Hakuna kuotea, kwa hiyo hakuna mstari wa kujificha nyuma yake. Goli la kati ya milingoti miwili mirefu ni pointi 6, ukikosa kidogo pembeni unapata 1. Mpira wenyewe nao una umbo la yai, na ukigusa ardhi hakuna ajuaye utadundia wapi. Enzi za Selwood mchezo ulianza kwa mwamuzi kuubamiza mpira chini katikati ya uwanja, unaruka juu, warefu wawili wanauparamia, na chini yao wamesimama viungo 3 wa kila upande wakisubiri makombo. Hapo ndipo ofisi ya Selwood ilipokuwa.

Watangazaji wetu wa soka wana majina mazuri kwa watu wa aina hii. Kuna mkata umeme, anayevuruga mashambulizi. Kuna kiungo punda, anayebeba mizigo kutoka boksi hadi boksi bila kulalamika. Selwood alikuwa vyote viwili, na juu yake alikuwa mchota mpira wa kwanza, yule anayeinama kuuokota wakati watu wanne wanakuja kutoka pande nne. Kwenye soka kazi hiyo haipo. Hakuna kiungo wa soka anayelazimika kuinamisha kichwa hadi usawa wa magoti ya wengine mara 15 katika mchezo mmoja.

Bendigo ni mji wa dhahabu wa zamani, kilomita 150 hivi kaskazini-magharibi ya Melbourne, na nyumba ya akina Selwood ilitoa wana 4, wote wakacheza ligi kuu. Mapacha Adam na Troy walitangulia: Adam West Coast, Troy Brisbane. Joel alikuwa wa tatu, Scott wa mwisho. Septemba 2006 Adam alikuwa kwenye kikosi cha West Coast kilichotwaa ubingwa kwa kuifunga Sydney kwa pointi 1. Yaani Joel alipoitwa na Geelong, ndani ya familia kulikuwa tayari na bingwa. Watu hupenda kusema ugumu wake ulitoka kwa kaka zake, kwa sababu mdogo anayecheza na wakubwa hujifunza kuumia kimyakimya. Inawezekana. Mimi naona alichopata kikubwa zaidi ni taarifa. Aliingia ligi akijua mazoezi yakoje, chumba cha kubadilishia nguo kinasema nini, mkubwa anakubana vipi. Hakuwa na mwaka wa kushangaa.

Na Geelong haikuwa na mwaka wa kumsubiri ashangae. Msimu wa 2006 uliisha vibaya kiasi kwamba klabu ilijichunguza kuanzia juu hadi chini, na kiti cha kocha Mark Thompson kilikuwa kinayumba. Klabu ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 1963. Miaka 44, kwenye mji ambao mtoto huzaliwa akiwa na timu. Mwanzo wa 2007 ukawa wa aibu nao. Steve Johnson, mmoja wa wenye vipaji vikubwa kabisa kikosini, alisimamishwa na viongozi wa wachezaji wenzake kwa utovu wa nidhamu. Mechi ya kwanza ya Selwood, raundi ya 1 dhidi ya Western Bulldogs, ilikuwa kipigo. Baada ya raundi 5 Geelong ilikuwa imeshinda 2 na kupoteza 3, ya mwisho ikiwa dhidi ya North Melbourne nyumbani Kardinia Park.

Raundi ya 6 wakaifunga Richmond 222 kwa 65. Tofauti ya pointi 157. Sijui mfano wa soka unaofaa. Labda 12 bila. Kuanzia hapo walishinda michezo 15 mfululizo.

Hapa ndipo mchambuzi anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu hadithi ya kinda aliyekuja kuiokoa klabu ni tamu mno na si ya kweli. Geelong ya 2007 ilitoa wachezaji 9 kwenye kikosi bora cha ligi nzima, na Selwood hakuwemo. Jimmy Bartel alichukua medali ya Brownlow mwaka huo, yaani mchezaji bora wa ligi kwa kura za waamuzi. Gary Ablett mdogo alikuwa anageuka kuwa mchezaji ambaye watu wangekuja kubishana kama amewahi kutokea bora kuliko yeye. Joel Corey, Cameron Ling, James Kelly: safu ya kati ilijaa. Mtoto wa miaka 18 kwenye timu hiyo hakuhitajika kuokoa chochote. Alihitajika asiharibu.

Kile alichokifanya ndicho kinachonishawishi juu ya akili yake. Kinda wengi wakiwekwa kati ya mastaa hukimbilia pembeni, kupokea mpira uliokwisha kusafishwa, kupata takwimu nzuri na picha nzuri. Selwood alikwenda chini ya rundo. Wapinzani walipopeleka walinzi wao maalumu kumganda Ablett, kumganda Bartel, pale chini palibaki mtu mmoja asiyegandwa, na yeye alikuwa ameshapaona. Alichota, akageuza mwili kumpa mgongo anayemkaba, akaupiga mpira kwa ngumi kwenda kwa mwenzake anayekimbia. Sekunde mbili. Anayeonekana kwenye marudio ya televisheni ni Ablett akipaa na mpira. Aliyeutoa kwenye vumbi ni namba 14.

Tuzo ya chipukizi bora wa ligi ikawa yake mwaka huohuo. Kisha nusu fainali ngumu dhidi ya Collingwood, ambayo Geelong walishinda kwa pointi 5 tu mbele ya watu 98,000. Na fainali kuu dhidi ya Port Adelaide iliyogeuka kuwa maziko: 163 kwa 44, tofauti ya pointi 119, kubwa kuliko fainali yoyote kabla yake au baada yake. Medali ya mchezaji bora wa fainali ilichukuliwa na Steve Johnson, yuleyule aliyesimamishwa mwanzoni mwa mwaka. Mtoto wa Bendigo akawa bingwa akiwa na miaka 19, mwaka mmoja tu baada ya kaka yake.

Sasa tuje kwenye damu, na kwenye mkono.

Sheria ya kukaba kwenye mchezo huu inasema unaweza kumshika mwenye mpira chini ya mabega na juu ya magoti. Ukimgusa shingoni au kichwani, ni pigo huru. Upande wa pili, mwenye mpira aliyekuwa na nafasi ya kuutoa, akakabwa asiutoe, adhabu inamwangukia yeye. Lakini aliyeuokota sasa hivi, ambaye hajapata hata pumzi moja, anapewa uvumilivu. Sheria, kwa ufupi, inamlinda anayefika kwanza na kumbana anayechelewa.

Selwood aliisoma sheria hiyo kama wakili. Akifika kwanza, akiinama, kichwa chake kinakuwa kitu cha kwanza ambacho anayechelewa atakigonga. Akishikwa, anapinda magoti kidogo na kuinua mkono, na mkono wa mkabaji, uliokuwa begani kwa halali, unateleza hadi shingoni. Filimbi. Pigo huru kwa Geelong. Mashabiki wa timu pinzani walitokwa na povu. Miaka nenda miaka rudi walimwita mdanganyifu, mwinamaji, mwindaji wa filimbi. Wakati huohuo watangazaji walewale walikuwa wanalia machozi ya sifa kila akitoka kushonwa na kurudi na bandeji.

Watu hawakuona kwamba walikuwa wanazungumzia kitu kimoja. Damu ile na mapigo huru yale vilitoka kwenye tendo lilelile: kutanguliza kichwa penye mpira. Huwezi kumsifu mtu kwa gharama aliyolipa na kumtukana kwa bidhaa aliyonunua nayo. Kama alikuwa anatafuta filimbi tu, angeipata kwa bei nafuu zaidi kuliko nyuzi 6 kwenye paji la uso.

Hata hivyo sitamtakasa. Ule mkono ulikuwa ufundi uliofanyiwa mazoezi, na alijua. Mkabaji mzuri aliyeshika mahali sahihi aliadhibiwa kwa kosa alilotengenezewa. Naiona kama ujanja wa mshambuliaji wa soka anayeacha mguu wake mahali ambapo beki ataugusa: ni halali, una akili, na haupendezi. Shida kubwa ilikuwa kwa waliomtazama. Watoto wa viwanja vya vijijini jimboni Victoria walijifunza kuinua mkono kabla ya kujifunza kufika kwanza. Ligi ilichukua muda mrefu kuamua. Mwaka 2022, msimu wa mwisho wa Selwood, ndipo AFL ilipotoa ufafanuzi mkali kwamba mchezaji anayejisababishia mguso wa juu kwa kuinama au kuinua mkono asipewe filimbi, na jina lililotajwa sana wakati huo lilikuwa la kijana mwingine wa Collingwood. Mwalimu alikuwa anakaribia kustaafu, wanafunzi ndio waliofungiwa darasa.

Turudi nyuma. Msimu wa 2008 unafaa kusomwa na kila anayeamini kwamba moyo unashinda mechi. Geelong ilipoteza mchezo 1 tu kati ya 22 kabla ya hatua ya mwisho. Fainali kuu, mbele ya watu zaidi ya 100,000 pale MCG, ilikutana na Hawthorn. Geelong ilipata alama mara 34, Hawthorn 25. Lakini magoli ya Geelong yalikuwa 11, na mara 23 ilipata pointi 1 tu. Hawthorn ilifunga 18. Matokeo: 115 kwa 89. Selwood alikuwa na miaka 20, na hakuna bandeji inayoponya magoli 11 na pointi mojamoja 23. Nimeitazama mechi ile zaidi ya mara moja na kila mara najikuta nasubiri mpira uingie.

Mwaka uliofuata ukaja mchezo ninaouona bora kabisa wa kipindi chake cha mwanzo, fainali ya 2009 dhidi ya St Kilda. Siku ya baridi, mpira umelowa, pointi zinatafutwa kama sindano kwenye mchanga. Siku kama hiyo mpira hautulii mikononi, kila kitu kinaanguka chini, na mchezo mzima unahamia kwenye ofisi ya Selwood. St Kilda walikuwa wanaongoza kuelekea robo ya mwisho. Geelong wakashinda 80 kwa 68. Kumbukumbu za watu zimebaki na beki Matthew Scarlett akiugonga mpira kwa ncha ya kiatu kumfikishia Ablett, na Paul Chapman akifunga goli lililoamua na kuchukua medali. Haki yao. Lakini tazama marudio ukihesabu ni nani yuko chini kila mpira unapozama kwenye rundo, dakika baada ya dakika, ndipo utaelewa kwa nini mwaka huo aliingia kwa mara ya kwanza kwenye kikosi bora cha ligi, akiwa na miaka 21.

Mwaka 2010 akachukua tuzo ya mchezaji bora wa klabu. Hii ndiyo hoja yangu nzito kuliko zote. Ablett alikuwa bado yupo Geelong msimu ule. Bartel alikuwepo. Corey, Chapman, Corey Enright walikuwepo. Tuzo ya klabu haipigiwi kura na mashabiki wanaosisimkwa na damu. Inaamuliwa na makocha wanaorudia mkanda wa mechi Jumatatu na kuuliza swali kavu: kila mpira ulipokwenda, huyu alikuwa wapi, na aliamua nini? Makocha hao walimweka juu kijana wa miaka 22.

Kuna jambo siwezi kulipita, hata kama linaharibu sherehe. Ubingwa wa 1963, ule uliosubiriwa miaka 44 kupata mwenzake, mhimili wake alikuwa Graham Farmer, aliyejulikana kama Polly, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote waliopata kuuchezea mchezo huu. Farmer alifariki mwaka 2019. Mwaka uliofuata uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha CTE, ugonjwa wa kuchakaa kwa ubongo unaohusishwa na vishindo vya kichwa vinavyojirudia. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa futiboli ya Australia kukutwa nao. Miaka ambayo Selwood alikuwa anashonwa na kurudi uwanjani, utaratibu wa lazima wa kukaa nje siku 12 baada ya mtikisiko wa ubongo ulikuwa haujaja. Umewekwa mwaka 2021. Sisemi lolote juu ya afya ya mtu aliye hai. Nasema juu yetu tuliopiga makofi. Tulikuwa tunashangilia bandeji, ambayo inaziba ngozi, wakati la kuogopa liko ndani ya fuvu na halitoi damu ya kupigwa picha. Mchezaji aliyepasuka nyusi alirudi akaitwa shujaa. Aliyetoka akiwa na kizunguzungu bila jeraha aliitwa nini? Ndiyo maana kumsifu Selwood kwa damu kunanikera mara mbili. Kunamdhulumu yeye ufundi wake, na kunamfundisha kinda anayemwiga kitu kisicho salama.

Mwisho wa 2010 Geelong ilipasuka. Ablett akaondoka kwenda klabu mpya ya Gold Coast. Thompson akaacha kazi. Wengi waliandika tanzia ya timu ile, na kwa mantiki ya kawaida walikuwa sahihi: umempoteza mchezaji bora wa nchi na kocha wa mataji mawili kwa mkupuo. Chris Scott akachukua benchi. Septemba na Oktoba 2011 zilipofika, Geelong ilikuwa fainali tena, ikaifunga Collingwood, mabingwa watetezi, 119 kwa 81.

Nahodha Cameron Ling alifunga goli la mwisho la siku ile, akatundika viatu. Ling alikuwa mkabaji aliyejenga maisha yake ya mpira kwa kumfuata mtu kama kivuli, na kwa misimu 5 alikuwa amefanya mazoezi kando ya kijana aliyekuwa anajifunza jinsi kivuli kinavyofikiri. Msimu wa 2012 ulipoanza, unahodha ulikuwa wa Selwood, na asingeuachia hadi alipostaafu akiwa bingwa mara ya nne, mwaka 2022, baada ya mechi 355. Hayo ni ya makala nyingine. Siku anaupokea alikuwa na miaka 23 na ubingwa mara 3. Wale 6 waliotajwa kabla yake mwaka 2006, wote kwa pamoja, hawakuwa na hata mmoja.